Vitovu vya Apata

Mimi ndiye niliyekuwa nikivibeba. Naanza hapo kwa sababu watu wakisimulia habari za Daktari Ayoka Olatunbosun husimulia kana kwamba alikuwa peke yake, na mimi nimewaacha waseme hivyo kwa muda mrefu. Maabara yake ilikuwa na mtu mmoja wa kuosha vyombo, kulisha panya, kuwasha jenereta, na kwenda mtaa wa Apata asubuhi na mapema na kisanduku cha barafu. Mtu huyo ni mimi, Lasisi Akanbi.

Ayoka alirudi Ibadan kutoka Pretoria akiwa na miaka thelathini na minne. Kule alikaa miaka sita akijifunza kukuza seli shina, zile seli changa ambazo bado hazijawa mfupa, wala ngozi, wala ini. Ukizilea kwa chakula fulani na dawa fulani, siku hadi siku, unaweza kuzigeuza zikawa kama seli za kongosho zinazotoa insulini. Alitaka siku moja seli hizo ziwekwe ndani ya mtoto mwenye kisukari, zifanye kazi ambayo kongosho lake limeshindwa, mtoto aache kuchomwa sindano kila siku ya maisha yake. Wenzake wa Pretoria walimshangaa. Huko maabara haikosi umeme, gesi ya kulishia seli inaletwa mlangoni, naye anarudi mahali ambapo barafu ya maabara ananunua kwa muuza samaki.

Kwa nini alirudi, aliniambia mara moja tu. Mchana huo jenereta lilikuwa limezima na tulikuwa tumekaa nje tukimsubiri fundi, tunakula moinmoin, kunde zilizosagwa na kupikwa kwa mvuke ndani ya jani. Alianza kuzungumza huku anakunja lile jani lililofungiwa chakula, anakunja na kukunjua.

Kwao ni Iseyin, kwa wafumaji. Alikuwa na kaka aitwaye Akanji, amempita miaka mitatu. Akanji alipofika miaka kumi na mmoja alianza kunywa maji kama mtu aliyetoka jangwani. Alikuwa akiinama juu ya mtungi na kata, anakunywa, anapumua, anakunywa tena. Kisha akaanza kukojoa kitandani, mvulana mkubwa. Mama yao alimtoa nje na mkeka wake kila asubuhi auanike mbele ya watu ili aone haya aache. Na watoto wa mtaa wakaja na makopo kumpigia ngoma na kumwimbia kikojozi. Aliyeshika kopo la mbele, kopo la maziwa, alikuwa Ayoka. Alikuwa na miaka minane na alikuwa na sauti nzuri.

“Sisimizi walikuwa wanakuja kwenye mkeka,” aliniambia. “Mstari mrefu kutoka ukutani. Nikawaambia wenzangu, oneni, hata sisimizi wamekuja kumcheka.”

Akanji alikonda, akawa macho na mbavu. Mganga akasema ni abiku, mtoto wa kuja na kuondoka, asifuatiliwe sana. Alifariki wakati wa harmattan, ule upepo mkavu wa vumbi. Miaka saba baadaye, shuleni, mwalimu wa biolojia akaeleza kwamba mkojo wa mgonjwa wa kisukari huvuta sisimizi kwa sababu una sukari. Ayoka akasimama akatoka darasani bila kuomba ruhusa. Mwalimu alimchapa.

Fundi alifika, tukainuka.

Basi seli zake alizitafuta kwenye kiungamwana, ule mrija unaomfunga mtoto na kondo la nyuma, ambao watu wote huita kitovu. Ndani yake mna ute mzito uliojaa seli shina, na kuutoa hakumuumizi mtu. Mtoto ameshazaliwa, mrija umeshakatwa. Kwingine duniani hutupwa. Kwetu kondo na kitovu chake huzikwa nyumbani, na mahali hapo ndipo mtu anapopaita kwao.

Kamati ya maadili ilimpa kibali kwa sharti moja: kila mama aelezwe, na asiridhie mpaka ameelewa, kisha atie sahihi kwenye fomu. Ayoka akachagua hospitali moja ndogo ya uzazi kule Apata, ambayo sasa imeshafungwa. Mwanzoni alikwenda mwenyewe. Alikaa kwenye benchi na wajawazito kila Jumatano, miwani juu ya kichwa, akiwaeleza kwa Kiyoruba chepesi. Wengi walimsikiliza kwa adabu wakakataa kwa adabu. Mmoja, mke wa dereva wa lori, alimuuliza, “Mwanangu akikua akiniuliza kwao ni wapi, nimwonyeshe friji yako?” Benchi zima likacheka, na Ayoka akacheka pia.

Katika miezi saba alipata viungamwana kumi na kimoja. Vitatu viliingiwa na vijidudu vikaharibika. Fedha za utafiti zilikuwa za miaka mitatu tu, na mwaka wa kwanza ulikuwa unakwisha.

Hapo ndipo Matroni Faderera, mkunga mkuu wa hospitali ile, aliposema, “Daktari, niachie mimi. Wewe unawauliza kama mtu anayeomba kura.”

Tukamwachia. Wiki iliyofuata nilikwenda nikapewa vitatu. Wiki ya pili vitano. Nilivikuta vimeshawekwa kwenye vichupa vya maji ya chumvi, na juu yake fomu zimepangwa vizuri. Hakuna fomu iliyokuwa na sahihi ya kalamu. Zote zilikuwa na alama ya dole gumba kwa wino wa bluu.

Nilizipeleka, Ayoka akazipokea, akaanza kuziingiza kwenye daftari. Nilikuwa nasafisha meza. Nikamwona anaacha kuandika. Akachukua fomu moja akaisogeza dirishani, akachukua ya pili akaiweka kando yake. Nilisogea kama mtu anayetafuta kitambaa. Ile alama ya dole ilikuwa na kovu limepita katikati kwa mshazari. Fomu ya pili ilikuwa na kovu hilo hilo. Ya tatu pia. Na ile ya tatu, mahali pa kuandika kazi ya mama, paliandikwa: mwalimu wa sekondari.

Matroni Faderera alikuwa na kovu kwenye dole gumba la kulia. Alikatwa na kichupa cha dawa enzi za ujana wake. Alikuwa anapenda kulionyesha.

Ayoka alinitazama. Mimi nikatazama meza.

“Labda alikuwa na uchungu mkali,” akasema. “Mkono ulikuwa unatetemeka, hakuweza kushika kalamu.”

“Inawezekana, Daktari,” nikasema.

Hayo ndiyo yote tuliyosema juu ya jambo hilo kwa miaka miwili. Akaziweka fomu kwenye faili, na tangu siku hiyo faili hilo nikawa nalijaza mimi. Hakulifungua tena.

Kazi ikaenda mbio. Sitaki kudanganya kwamba haikuwa kazi nzuri. Kiungamwana cha kumi na saba kilitoa seli ambazo hatukuwahi kuona mfano wake. Zilikua haraka, zikatii, na baada ya siku ishirini na nane zilikuwa zinatoa insulini zikipewa sukari na kunyamaza zikinyimwa. Tuliwapa panya dawa ya kuharibu kongosho mpaka sukari yao ikapanda, kisha tukawapandikiza seli zile. Nilikuwa natoboa mikia yao kila asubuhi na kuandika namba. Siku ya tisa namba zikaanza kushuka. Siku ya kumi na nne Ayoka aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaisoma, akaenda kusimama mbele ya vizimba, akakaa pale kwa muda mrefu akiwatazama panya wanavyokunywa maji. Walikuwa wanakunywa kidogo tu, kama panya wazima.

Makala ikatoka kwenye jarida kubwa la nje. Akaalikwa Durban akazungumza ukumbini. Gazeti likaweka picha yake, na mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika kizimba. Mke wangu aliikata picha ile akaibandika ukutani. Chuoni jina lake likapelekwa kwenye jopo la kupandisha watu kuwa maprofesa. Kila mtu alimwita Profesa kabla ya wakati, naye alikuwa akiwakataza kwa sauti isiyokataza sana.

Mdogo wake wa mwisho, Sunkanmi, alikuwa anaishi Apata na mkewe Atinuke, karani wa benki. Atinuke alipopata ujauzito Sunkanmi alimuuliza dada yake hospitali ipi ya karibu ni nzuri. Ayoka akamtajia ile ile. Baadaye nilimuuliza ilikuwaje akaitaja. Alisema kwamba alipoulizwa, hilo ndilo jina lililomjia, na kwamba ndani ya kichwa chake wale mama wa kwenye fomu hawakuwa watu wanaoweza kuwa mke wa ndugu yake.

Atinuke alijifungua mtoto wa kiume alfajiri ya Alhamisi. Saa kumi na mbili mimi nilikuwa mlango wa nyuma wa hospitali. Matroni alinipa vichupa viwili na fomu mbili. Sikusoma majina, sikuwahi kusoma majina. Nilirudi maabara, Ayoka akavaa glavu, akavikatakata vyote viwili, akaziweka seli kwenye kiatamizi, lile kabati la joto la kulelea seli. Namba tisini na mbili na tisini na tatu.

Mama yao alikuwa amekuja kutoka Iseyin kumpokea mjukuu. Wote tulimwita Iya Iseyin, yaani Mama wa Iseyin. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu vya kufuma, na alikuwa amewazalisha wanawake wengi kijijini kabla hospitali hazijaenea. Walipomkabidhi kondo la nyuma kwenye mfuko mweusi, aende akalizike, alifanya jambo ambalo hakuna bibi mwingine aliyewahi kulifanya pale. Aliufungua mfuko akatazama.

Kitovu hakikuwapo. Kilikuwa kimekatwa karibu kabisa na kondo, mkato safi wa mkasi.

Akamuuliza nesi. Nesi akasema ndivyo kinavyokuwa. Mwanamke aliyeshika makondo mia kwa mikono yake anaambiwa ndivyo kinavyokuwa. Akatoka nje mpaka getini na ule mfuko akapaza sauti kwamba hospitali hii inauza vitovu vya watoto kwa watu wa kafara za utajiri. Pale getini palikuwa na waendesha pikipiki wanaosubiri abiria, wauza ndizi za kuchoma, jamaa za wagonjwa. Na wakati huo huo mfagizi wa hospitali, Risikatu, alitokea mlango wa pembeni na ndoo ya taka kwenda kuzichoma, kama alivyofanya kila siku ya Mungu.

Wakaipindua ndoo. Mlikuwa na pamba zenye damu na glavu. Iliwatosha.

Walimvunja mkono wa kushoto na kumng’oa meno mawili. Tairi lilikuwa limeshaletwa polisi walipofika. Nao polisi hawakumpeleka hospitali, walimpeleka kituoni wakamfungia kwa kosa la kuuza viungo vya binadamu. Mwenye hospitali alitoa tangazo kwamba mfagizi yule amefukuzwa kazi na kwamba hospitali yake inasikitika. Matroni Faderera hakusema neno.

Sunkanmi alimpigia dada yake simu saa nne asubuhi. Nilikuwepo. Nilimwona anasikiliza, anasema “mh”, anasema “mama hajambo?”, anakata simu. Kisha akaenda kwenye lile faili ambalo hakuligusa miaka miwili, akatoa fomu ya juu, ya tisini na tatu. Atinuke Olatunbosun, karani wa benki. Dole gumba, kovu la mshazari.

Ningependa kusema kwamba alitoka mbio siku hiyo hiyo. Hakutoka. Alikaa. Alasiri akaniambia niende nyumbani mapema. Ijumaa alikuja kazini akafundisha kipindi chake. Jopo la maprofesa lilikuwa likutane Jumatatu. Nilimuuliza, “Daktari, yule mwanamke?” Akasema, “Wataona hana hatia, watamwachia.” Jumamosi nilipita maabara kuwalisha panya, nikamkuta amevaa glavu, kiatamizi kiko wazi. Alikuwa anazibadilishia chakula seli za tisini na tatu. Ilikuwa siku yake ya kubadilishiwa, zisipobadilishiwa hufa. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyonyonya maji machafu kwa kimrija na kuweka maji mapya, taratibu, bila kumwaga tone. Hakugeuka. Nami nikawalisha panya nikaondoka.

Jumapili mchana alinipigia simu. “Kaka Lasisi, nisindikize kwa Sunkanmi. Siwezi kufika peke yangu.”

Tulimkuta Iya Iseyin amekaa kwenye kibao, miguu ameinyoosha, mjukuu amelala juu ya mapaja yake anapakwa mafuta ya shea. Atinuke alikuwa amelala chumba cha ndani, Sunkanmi ametoka. Mimi nilikaa karibu na mlango. Ayoka alipiga magoti kumsalimu mama yake, na baada ya salamu hakuinuka.

“Mama, kitovu hakikuuzwa,” akasema. “Kiko kwangu.”

Bibi aliendelea kumkanda mtoto. “Kwako wapi?”

“Maabara. Nilikuwa navichukua pale kwa kazi yangu. Miaka miwili sasa. Sikujua kuwa hiki ni chetu.”

“Na vile vingine ulijua ni vya nani?”

Bibi akachota mafuta mengine.

“Walikupa, au uliiba?”

“Matroni alikuwa anatia dole lake kwenye karatasi. Nililiona dole. Nikanyamaza.”

Mikono ya bibi ikasimama juu ya kifua cha mtoto. “Yule mwanamke mwenye ndoo,” akasema. “Mimi ndiye niliyewaitia watu. Mimi, kwa mdomo wangu. Nilimwona anaanguka nikasema wacha apigwe.” Akamtazama binti yake. “Tangu Alhamisi, Ayoka. Leo siku gani?”

“Jumapili.”

“Ulikuwa unafanya nini siku zote hizo?”

Ndipo nilipomwona analia. “Nilifanya kwa ajili ya Akanji, Mama. Kazi yote ni kwa ajili ya Akanji. Ungejua jinsi panya wale...”

“Usimtaje Akanji hapa,” bibi akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata nikaona bora angepiga kelele. “Akanji hakuwahi kuchukua kitu cha mtu.”

“Ningekuomba,” Ayoka akasema. “Ningepaswa kukuomba.”

“Ungeniomba ningekukatalia. Na wewe ungeondoka mikono mitupu kama watu wengine wanavyokataliwa wakaondoka.”

Akamfunga mtoto kwenye kitambaa, akampeleka kwa mamaye, akarudi amejifunga kilemba. Akasema twende kituoni. Alitangulia mbele na sisi tukamfuata, na pale kituoni yeye ndiye aliyeanza kusema: mimi nilimsingizia. Kisha akamsukuma binti yake mbele.

Risikatu aliachiwa jioni hiyo. Siku ya pili Ayoka aliliandikia jopo barua ya kuondoa jina lake, akaiandikia kamati ya maadili, akaliandikia jarida. Seli za tisini na tatu tuliziweka kwenye chombo kilichofungwa vizuri, maji ya rangi ya waridi yenye utando chini usioonekana vizuri kwa macho, na Iya Iseyin akakichukua mapajani ndani ya gari mpaka Iseyin. Walivizika pamoja, kondo, ambalo mpaka hapo lilikuwa halijazikwa, na hicho chombo. Iya Iseyin hakumruhusu Ayoka kwenda.

Wiki iliyofuata Ayoka alinunua viazi vikuu, mafuta na kitenge, akaenda kwa Risikatu, aliyekuwa kwa dada yake, mkono umefungwa mabanzi ya mganga wa mifupa. Nilibeba mzigo. Risikatu alikuwa mwanamke mwembamba wa umri wangu. Hakutukaribisha ndani. Alimsikiliza Ayoka mpaka mwisho akiwa amesimama kizingitini, na kwa sababu ya meno aliongea na mdomo nusu umefungwa.

“Mimi sikupigwa chumbani, Daktari,” akasema. “Unakuja kuniambia mimi kwamba sikuiba? Mimi najua sikuiba. Nenda kawaambie wale.”

Akarudi ndani. Mzigo niliubeba tena mpaka kwenye gari.

Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa, Ayoka akasimama getini pa hospitali ile. Alikuwa amenieleza atakwenda saa ngapi. Alivaa nguo ya kawaida, faili mkononi. Mimi nilikuwa ng’ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha kadi za simu. Nilijiambia kwamba nimekaa pale ili nimwite Sunkanmi kukitokea fujo.

Akaanza kusema, na mwanzo hakuna aliyemsikiliza. Akapaza sauti. Alisema jina lake na jina la baba yake. Akasema Risikatu hakuchukua kitu, hakuuza kitu, aliyechukua ni yeye, na si kwa kafara bali kwa utafiti wa kisukari, na kwamba hata hivyo ni wizi kwa sababu wenyewe hawakuulizwa. Waendesha pikipiki wakasogea. Mmoja akasema, “Kumbe mwizi siku hizi anavaa miwani.” Watu wakacheka. Mwingine akamwita Daktari wa Vitovu, na jina hilo halijamtoka mpaka leo. Kijana mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliopiga alitaka kuondoka, muuza ndizi akamshika shati: “Unakwenda wapi? Simama usikie ulichompigia mtu.”

Kisha yule muuza ndizi akamgeukia Ayoka. Alikuwa mama mnene mwenye majivu mikononi. “Na cha mwanangu?” akauliza. “Nilizaa hapa Machi mwaka jana. Chake kiko wapi?”

Ayoka akafungua faili. Akamuuliza jina lake, akapekua mpaka akakipata. “Arobaini na nane,” akasema.

“Arobaini na nane ndiyo nini?”

“Ndiyo namba niliyompa.”

Yule mama alimtazama. Hakumpiga, ingawa nilidhani atampiga. Alimtemea mate miguuni, akarudi kwenye jiko lake akageuza ndizi zake zisiungue.

Ayoka akasoma majina yote yaliyobaki, themanini na mawili kwa ujumla, kila mama na tarehe yake. Ilichukua muda mrefu. Watu walichoka wakaondoka, wengine wakaja wakauliza kuna nini. Aliposoma la mwisho alifunga faili akabaki amesimama, hajui aende upande gani.

Jarida liliifuta makala. Chuo kilimsimamisha miaka miwili bila mshahara, na aliporudi akapewa wanafunzi wa mwaka wa kwanza na chumba kisicho na kiatamizi. Matroni alistaafu akahamia kwa mwanawe Lagos. Vichupa mia mbili na kumi na vinne vya seli vilitolewa kwenye naitrojeni ya baridi kali na kuharibiwa mbele ya kamati, vikiwemo vya namba kumi na saba. Mama wa namba kumi na saba alipatikana, fundi cherehani wa Odo-Ona. Waliporidhia kumweleza, aliuliza kama seli hizo zimemponya mtu yeyote. Wakamwambia zimeponya panya, kwa muda. Akaomba ziteketezwe.

Siku hizi Ayoka ana kliniki ya watoto wenye kisukari kila Jumanne. Anawafundisha mama zao kuchoma sindano, na kuhifadhi insulini kwenye chungu chenye mchanga mbichi kama hawana friji. Mwaka wa nne kamati ilimruhusu kuomba viungamwana tena, hospitali nyingine, akisimamiwa. Anakwenda mwenyewe kukaa kwenye benchi. Mara ya mwisho nilisikia amepata thelathini na vitatu, na seli zake hazijafika popote karibu na zile. Mama yake huzungumza naye. Kuhusu kazi hamuulizi.

Na mimi. Kamati iliniita nikatoe ushahidi. Mwenyekiti aliniuliza kama katika kuzichukua fomu zile, kwa miaka miwili, niliwahi kuona jambo lolote lisilo la kawaida. Ayoka alikuwa amekaa pembeni, umbali wa viti viwili. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikasema sikuona kitu, mimi si msomi, nilikuwa nabeba tu. Mwenyekiti akamgeukia Ayoka akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Ayoka akasema, “Bwana Lasisi alikuwa anafuata maagizo yangu.” Wakaniandikia barua ya onyo, wakanihamishia maabara ya udongo, ambako nipo mpaka nitakapostaafu.

Picha ya gazeti bado ipo ukutani. Mke wangu hajui kwa nini sitaki wageni wakae upande ule.

Risikatu hakurudi kazi ya kufagia. Mkono haukuunga vizuri. Anakaanga akara za kunde kwenye kona ya barabara ya Apata, karibu na kituo cha mafuta, na watu wanasema ni nzuri kuliko zote za upande huo. Sijazionja. Nikiwa na safari ya huko nashuka kituo cha nyuma, nazunguka kwa miguu kupitia uchochoro wa mafundi seremala.